Mwenge Mpaka Newala kwa Boxer: Gesti ya Nangurukuru Iliyotaka Kuvunja Uchumba

Mchonga vinyago mmoja pale Mwenge (jina kapuni) aliamua kumpeleka mchumba wake kwa wazee Newala kwa pikipiki. Siyo sifa za Insta, ni hesabu. Alipopiga nauli ya basi ya watu wawili kwenda na kurudi, akaona bora ajaze mafuta Boxer yake. Hela ya kulala njiani haikuwepo kwenye bajeti kabisa. Watoke alfajiri, usiku wawe Newala.

Wadau wa barabara ya Kilwa mnajua hiyo plani haina kichwa wala miguu. Mtwara tu ni zaidi ya kilomita 550, na pikipiki siyo basi, mgongo unalipa. Mbagala foleni. Kibiti pancha. Daraja la Mkapa wanalivuka saa tisa mchana (na washukuru, kabla ya 2003 hapo watu walikuwa wanasubiri kivuko). Somanga wakala samaki wa kukaanga wakashiba, na usingizi ukaanzia hapo.

Dada nyuma akaona helmeti ya jamaa inainama. Mara ya kwanza akadhani anaangalia mafuta. Mara ya pili pikipiki ikavuka mstari, lori la saruji linatoka Mtwara likapiga honi moja ndefu, jamaa akashtuka akarudi upande wake. Dada hakupiga hata kelele. Walipofika Nangurukuru akasema, "Baby, mimi nashuka hapa. We nenda kwenu."

Ugomvi ukaanza. Jamaa analia hela ya sukari ya mama itaisha. Dada naye ana aibu yake: binti hajaolewa anaingia gesti na mwanaume, kesho anaonana na wakwe! Gesti ya kwanza mhudumu hakuinua hata macho kwenye simu: "Shoti taimu au kulala?" Dada akageuka nje.

Ya pili walimkuta mama mtu mzima. Shikamoo, marahaba, poleni na safari. Chumba cha choo cha nje buku 10, self buku 20. Jamaa hakuuliza feni wala TV, aliuliza pikipiki inalala wapi. Na kwa msafiri wa pikipiki hilo ndilo swali lenyewe, maana ukilala kwa buku 7 halafu chombo kikabaki barazani, asubuhi unaweza kukuta tenki kavu, au ukaikosa pikipiki yenyewe. Mama akafungua geti la ua, Boxer ikasimama chini ya dirisha la jiko, kufuli likapigwa. Neti haina tundu, ndoo ya maji ipo.

Dada akataka vyumba viwili. Kwenye kitabu cha wageni akajaza mstari wake mwenyewe: jina, kabila, anakotoka, anakokwenda. Jamaa akaguna, akalipa buku 20, akalala na viatu mpaka saa moja asubuhi.

Newala waliingia jioni wakiwa wazima. Mama mkwe akapokea mizigo, akauliza taratibu, "Jana mlilala wapi?"

"Nangurukuru, mama. Kila mtu chumba chake."

Mama akamgeukia mwanae, akamuuliza risiti ziko wapi.