Habari ya Dada Yetu na Mkanda wa Tumbo

Leo twapenda kuwaeleza habari iliyotupata nyumbani kwetu, nayo ni habari ya kosa letu wenyewe kabla ya kuwa habari ya ugonjwa. Dada yetu ametupa ruhusa kuiandika, ila alituagiza ya kuwa tusipoiandika yote, tusiandike hata neno moja. Basi twaanza mwanzoni.

Mwaka 2009 tulikuwa mwalimu mpya, na mzee wa kanisa alitutaka tutoe mafundisho ya Jumapili juu ya ulafi. Tukasimama mbele ya watu, hali maneno yetu ni mengi kuliko hekima yetu, tukasema ya kuwa mtu akinenepa kupita kiasi, mwili wake mwenyewe wamshuhudia. Watu wakacheka, wengine wakageuza shingo kutazama upande wa wanawake. Hapo ndipo alipokaa dada yetu mkubwa, ambaye tangu utoto alikuwa mnene kuliko sisi sote, ingawa tulikula chungu kimoja. Hakusema neno. Ibada ilipokwisha alirudi nyumbani peke yake kwa njia ya mtoni. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kuwatunza wazee huko Uingereza, akaondoka. Wala hatukumwomba radhi, kwa kuwa hatukujua ya kuwa tumekosa.

Miaka minane ikapita. Desemba 2018 akaja kututazama, nasi tulipomlaki kituoni tulimpita bila kumtambua, maana alikuwa amepungua sana. Mama akafurahi mno, na siku ya Krismasi akachinja mbuzi, wakaja shangazi na majirani. Sahani ya dada ikajazwa kuliko zote. Lakini yeye alikata nyama vipande vidogo kama punje za mahindi, akatafuna muda mrefu, wala hakugusa maji. Sisi sote tulipokuwa tumemaliza, yake ilikuwa bado imejaa. Shangazi mmoja akanong'ona, "Uzungu umemwingia." Mwingine akasema, "La, ana ugonjwa anaouficha." Mama akasikia, akamwuliza mbele ya watu, "Mwanangu, chakula cha mama yako kimekuwa kichungu?"

Dada akaona haya. Ili kumpendeza mama, akamega tonge kubwa la ugali pamoja na kipande cha nyama, akameza upesi. Haikupita dakika moja, akaweka mkono kifuani, akaondoka. Tukamfuata, tukamkuta nyuma ya jiko ameushika mgomba, mate mazito yanamtoka kama povu. Tukadhani amekula sumu. Tukataka kumletea maji, akatukataza kwa mkono. Baada ya robo saa kile chakula kikarudi juu, naye akapumua. Kisha akasema, "Mdogo wangu, keti. Nilitaka kuficha jambo hili, lakini limejifichua lenyewe."

Akaushika mkono wetu, akaweka kidole chetu juu ya tumbo lake, upande wa kushoto, juu ya kitovu. Chini ya ngozi tulisikia kitu kigumu, kipana kama kifungo kikubwa cha koti. Akatueleza ya kuwa mwaka 2015 alipasuliwa hospitalini huko Uingereza, akavishwa mkanda ndani ya tumbo.

Mkanda huo ni pete ya silikoni, yaani kitu laini mfano wa mpira. Madaktari hutoboa matundu madogo, wakaupitisha, wakauzungushia sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo. Hapo juu ya mkanda huachwa kijifuko kidogo, ambacho chakula chake hakipiti vijiko viwili vya mezani. Kutoka katika mkanda wapita mrija mwembamba mpaka kwenye kile kifungo chini ya ngozi. Daktari akitaka kuukaza mkanda, hupiga sindano katika kifungo na kutia maji safi ya chumvi, mililita chache tu. Akitaka kuulegeza, huyavuta maji yale. Sindano yenyewe ni ya namna ya pekee, kwa maana ya kawaida yaweza kukiharibu kifungo hata kikavuja. Kwa hiyo zahanati ya kijiji haiwezi kazi hiyo.

Tena alitupa habari iliyotupendeza sisi Waafrika. Mkanda wa kukazwa na kulegezwa ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1980 na daktari Lubomyr Kuzmak, mwenye asili ya Ukraine. Lakini wa kwanza kuutia mkanda wa namna hiyo kwa njia ya matundu madogo, bila kulifungua tumbo lote, alikuwa daktari Mitiku Belachew, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, mwaka 1993. Yeye ni mzaliwa wa Ethiopia, na utotoni alichunga mifugo. Basi asiwepo mzazi wa kumdharau mtoto kwa sababu leo yuko machungani.

Tukamwuliza, "Dada, je, hukuweza kujizuia kula tu?" Hakukasirika. Akasema, "Nilijizuia mara nyingi. Nilipungua, kisha nikarudi mnene kuliko kwanza." Ndipo akatueleza mambo ambayo madaktari wameyachunguza. Mwili wa mtu mnene ukinyimwa chakula hujitetea kama mwenye njaa: hamu ya kula huzidi, na nguvu zinazotumika mwilini hupunguzwa. Tena unene mwingine hurithiwa, kama urefu na rangi ya ngozi. Siku zile dada alikuwa na kilo 118, na urefu wake ni sentimita 162. Sisi walimu twapenda hesabu, tukaifanya: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jawabu likawa 45. Jawabu likifika 30, madaktari huuita unene wa kupita kiasi. Naye alikuwa amekwisha kupata kisukari. Mama yake mkubwa alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, naye akaogopa kumfuata.

Baada ya miaka miwili ya mkanda alikuwa amepungua kilo 32, na dawa za kisukari zikapunguzwa. Lakini alituonya tusidhani ya kuwa mkanda hufanya kazi peke yake. Kila tonge sharti litafunwe mpaka liwe kama uji. Akila hanywi, na baada ya kula hungoja nusu saa ndipo anywe. Mkate mlaini, ugali mgumu na nyama ya nyuzi humkwama. Akiona dalili ya kwanza ya kushiba, huacha hapo hapo, kwani tonge moja la kuzidi laweza kumrudisha nyuma ya jiko. Tena akasema, "Chai ya sukari na vinywaji vitamu hupita bila kizuizi. Mkanda hauwezi kuvizuia. Hapo ni mimi mwenyewe."

Wala hakutuficha hatari zake. Wako ambao mkanda umesogea mahali pake, au umekula ukuta wa tumbo, au mrija umevuja, wakapasuliwa tena na kuondolewa. Kwa sababu hiyo madaktari wengi siku hizi wameuacha, wakaona heri kukata sehemu ya tumbo na kulifanya jembamba kama mrija. Mwenye mkanda akishindwa kumeza hata maji, au akitapika bila kukoma, au kifungo kikivimba na kuwa chekundu, asingoje kesho, bali aende hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji. Nasi tuliyaandika maneno haya katika karatasi, tukaibandika mlangoni, tusije tukayasahau wakati wa msiba.

Mwisho akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, yale maneno yako ya kanisani nilikwenda nayo Ulaya. Usiku ule nilipolala hospitalini kungoja kupasuliwa, nilikuwa peke yangu. Sikumwandikia mama, maana niliogopa mtasema nimelipa fedha nikatwe tumbo kwa sababu ya uvivu."

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu. Tulikumbuka ya kuwa katika chungu kile cha utotoni sisi ndio tuliokuwa tukigombea ukoko, naye ndiye aliyetuachia. Sisi tulikuwa wembamba, basi hakuna aliyetuita walafi. Tulimhukumu mtu kwa kipimo cha macho, na macho hayaoni tumboni wala moyoni. Wahenga walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tukamwomba radhi pale pale, chini ya mgomba, naye akatusamehe.

Kisha kwa ruhusa yake tukaingia kumweleza mama. Tulidhani atalia, au atauliza fedha zilizotumika. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda jikoni. Akarudi na kibakuli kidogo cha bati, kile ambacho dada alilishiwa uji alipoachishwa ziwa, akatia humo maharage yaliyopondwa na mchuzi kidogo, akamwekea mbele. Akasema, "Kula polepole, mwanangu. Chakula hakina haraka, na mimi nitakaa nawe." Nao wakakaa pamoja hata mshumaa ukaisha.

Jumapili iliyofuata tulimwomba mchungaji nafasi, tukasimama mahali pale pale tuliposimama mwaka 2009. Tukasema mbele ya watu wote ya kuwa ulafi ni dhambi, lakini unene si ushahidi wake, na ya kuwa tulimwumiza ndugu yetu kwa kufundisha tusilolijua. Safari hii hakuna aliyecheka. Baada ya ibada mama mmoja, mnene, alikuja kutushika mkono, wala hakusema neno.

Dada alirudi Uingereza mwezi wa Januari, naye hutuletea habari kila mwezi. Kile kibakuli kipo rafuni, kimefunikwa kitambaa, wala watoto hawaruhusiwi kukichezea. Basi, ndugu zetu, mgeni akija kwenu akala kidogo, msimwone mwenye kiburi, wala msimlazimishe. Mwulizeni kwa upole, na kama hapendi kusema, mwacheni, mkae naye hata amalize.