Nembo Nyekundu Iliyofika Buhongwa

Mwishoni mwa miaka ya sabini Buhongwa ilikuwa bado kijiji. Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, unaipita Nyegezi, unaipita Mkolani, kisha mawe makubwa yanaanza kupisha mashamba ya pamba na mihogo. Umeme haukuwa umefika kwetu. Muziki ulitufikia kwa njia mbili: Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri za mjomba wangu.

Mjomba alikuwa na duka dogo kando ya barabara. Gramafoni yake ilikuwa Philips ya betri, ya kubebwa mkononi, aliyoinunua msimu ambao pamba ilimlipa vizuri. Usukumani fedha ya pamba ilionekana kwa macho: huyu kanunua baiskeli, yule cherehani, yule redio. Mjomba alinunua muziki. Betri za National zilipochoka tulizianika juani juu ya bati, nazo zikapata nguvu ya kutufikisha usiku. Jumapili jioni watu walikuja dukani, wengine wakitembea kutoka Nyashishi, wakakaa kwenye magunia na mabenchi kusikiliza.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza sahani. Santuri ndogo za mizunguko 45 hazikuwa na nafasi ya kutosha, hivyo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba mashairi. Upande wa pili ndiko magitaa yalikoachiwa yazungumze. Nikichelewa kugeuza, wazee walinikemea, kwa sababu miguu ilikuwa tayari imeanza kucheza.

Kwa kuzishika sahani zile nilijifunza kuzisoma. Nyingi za mjomba zilikuwa na nembo nyekundu yenye neno Polydor, na chini yake jina la wimbo, jina la bendi na jina la mtunzi. Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano. Simba Wanyika. Siku moja nikamwuliza mjomba mbona Mbaraka ni wa Morogoro lakini santuri yake imetengenezwa Kenya.

“Mjomba,” akanijibu, “waimbaji wako hapa, mashine ziko Nairobi.”

Jibu lile lilikuwa kweli tupu. Radio Tanzania ilizirekodi bendi zetu katika studio yake na kuzirusha hewani nchi nzima, lakini haikuwa duka la santuri, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzifyatua. Bendi iliyotaka sauti yake ikae mikononi mwa wasikilizaji ilibidi ivuke mpaka. Akina Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakafika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sabini na kujulikana kama Simba Wanyika. Safari ya namna hiyo ilikuwa na historia. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay, ng’ambo ya bahari, ili kampuni ya HMV iwarekodi. Nairobi ilikuwa karibu zaidi.

Nilipokuwa mtu mzima nikafuatilia ile nembo nyekundu ilikotoka. Mizizi yake iko Hannover, Ujerumani, ambako Emile Berliner, mvumbuzi wa gramafoni ya sahani, alianzisha na ndugu zake kampuni ya Deutsche Grammophon mwaka 1898. Polydor lilikuwa jina walilolitumia kwa santuri za kuuzwa nje ya Ujerumani. Mwaka 1962 Siemens, wenye kampuni hiyo, waliunganisha biashara yao ya muziki na ya Philips wa Uholanzi, na mwaka 1972 muungano huo ukapewa jina PolyGram. Tawi la Nairobi ndilo lililozishughulikia bendi zetu. Kwa hiyo pale dukani Buhongwa, gramafoni na santuri iliyokuwa juu yake vilikuwa vya ukoo mmoja wa biashara, na sisi hatukujua. Tulijua tu kwamba Mbaraka anaimba.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari mwaka huo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ziwani, meli ambazo Jumuiya ilizitumia kuunganisha Mwanza, Musoma na Kisumu ziligawanywa. Santuri hazikukoma. Zilipenya kwa njia za panya upande wa Sirari, zikashuka Musoma, zikatufikia zimefungwa ndani ya vitenge. Januari 1979 Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, mpaka ukiwa bado umefungwa. Namkumbuka mjomba akiwa amekaa kimya mlangoni pa duka, wateja wakimpa pole kana kwamba amefiwa na ndugu yake. Baadaye Polydor ikatoa mfululizo wa santuri kubwa za Mbaraka ulioitwa Ukumbusho, na mjomba akautafuta mpaka akaupata.

Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Watu waliogopa kukutwa na kitu chochote cha kutoka nje, na wengine wakatupa mali zao usiku. Mjomba alizifunga santuri zake kwenye gunia akazificha kwenye ghala la mahindi la bibi. Novemba mwaka huohuo mpaka ukafunguliwa tena, gunia likatolewa, tukasikiliza.

Lakini wakati huo santuri ilikuwa imeshapata mshindani. Kaseti ndogo ilibuniwa na Philips wenyewe, wakaionyesha Berlin mwaka 1963. Ilipoenea kwetu pamoja na redio kaseti, kila mji ukawa na vibanda vya kurekodi. Santuri moja iliyonunuliwa kihalali ilizaa kanda nyingi, na hakuna hata senti moja iliyokwenda kwa mtunzi. Tanzania ilipata sheria yake mpya ya hakimiliki mwaka 1999, wakati ambapo wanamuziki wengi wa kizazi kile walikuwa wamezeeka au wamekufa. Mwaka mmoja kabla ya hapo Philips walikuwa wameiuza PolyGram kwa kampuni ya Seagram ya Kanada kwa zaidi ya dola bilioni 10, ikaunganishwa na Universal.

Msimamo wangu ni huu. Kampuni ya nembo nyekundu ilifanya biashara, na faida kubwa ilikwenda mbali na Morogoro na Tanga. Hata hivyo, iliweka kwenye sahani sauti ambazo nchi yetu haikuwa na mashine ya kuzifyatua, na iliandika jina la mtunzi katikati ya kila sahani. Leo Buhongwa ni sehemu ya Jiji la Mwanza, na vijana wanamsikiliza Mbaraka kwenye simu. Mara nyingi wimbo unafika bila jina la mtunzi, bila mwaka, bila jina la mpiga solo. Hapo tumerudi nyuma kuliko wakati wa betri za kuanika.

Ndiyo maana naomba. Kama wazazi wako Misungwi, Magu, Sengerema au Kwimba waliacha santuri, usiziuze kwa kilo wala kuzifanya pambo la ukutani. Zisimamishe wima, mbali na jua. Piga picha nembo za pande zote mbili. Kaa na wazee uandike majina ya wapigaji wanaowakumbuka, maana nembo iliandika bendi na mtunzi, lakini mpiga besi na mpiga tumba wamebaki kwenye vichwa vya wazee. Kazi hiyo haihitaji kampuni ya Ulaya. Inahitaji daftari, kalamu na mtu wa kuianza wiki hii.