Kipimo Alichokikalia Mzee

Majengo, Pumwani

Mpwa wangu,

Mama'ko alipita hapa juzi kuniletea sukari, akakaa kuliko kawaida yake, nikajua ana neno. Anasema kwenye karakana yenu kule Eneo la Viwanda mashine ya kukunja bati imewasumbua mwezi mzima, wewe ugonjwa wake unaujua, na kikaoni ukanyamaza kwa kuwa wenzako wana digrii. Tena anasema yule kijana mgeni akikuuliza kitu, unamgeuzia mgongo. Yeye aliyaona mambo mawili. Mimi naliona moja.

Kamukunji, kabla Rais Moi hajatutembelea 1985 na vibanda vikajengwa, jua kali lilikuwa jua kweli. Nilijifunza kwa mzee mmoja wa masanduku ya shule. Vipimo vyake vya kukatia bati alivikalia. Ndiyo, alivikalia, kama kuku na mayai. Akienda msikitini anakwenda navyo. Tulidhani ni maringo. Mpaka nilipoota mvi ndipo nikaelewa: mzee hakuamini kwamba mtu angemtafuta yeye pasipo vile vipande vya bati.

Mimi nami si afadhali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaja lile jiko la kiuno, lenye chungu cha udongo ndani, mchanganyiko wa jiko la ndoo la Thailand na jiko letu la bati. Nilikuwa kijana wa mkono, kazi yangu kukata. Nikaona kwamba jiko likiwashwa kabla simenti haijakauka vizuri, chungu kinalegea upesi. Nililiona hilo siku nyingi, nisiseme. Mkata bati atamfundisha nani? Wateja wakarudisha majiko, tajiri akatukata hela, nami nikakatwa pamoja na wenzangu kwa kosa nililolijua. Mama'ko hajui habari hii, usimwambie.

Wapo ambao hawakuwa kama sisi. Kule Shauri Moyo, fundi alikunja kiuno cha jiko, jirani akimtazama, kesho jirani naye anakunja, keshokutwa anamwonyesha yule wa kwanza namna ya kuokoa bati. Jiko likaenea hivyo, hata Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia wakawa na ya kwao. Na sikuona fundi aliyelala njaa kwa sababu ya kutazamwa.

Hao wa digrii usiwaogope, wala usiwachukie. Hawajakaa na mashine ile saa nane mchana ikishapata moto, wakasikia inavyogonga. Wewe umesikia. Ukiona ulimi mzito, mwendee injinia kabla ya kikao, na kile kipuri kilicholika umekishika mkononi. Akikiona, atauliza mwenyewe.

Na yule kijana, nasikia humwiti ila "wewe". Muulize jina. Jumapili baada ya alasiri nipo, njoo naye. Nataka kumwonyesha ninavyokunja kingo za sanduku zisikate mkono. Wewe ulinishikia bati miaka mitatu, na kila nikifika hapo nilikutuma chai.

Mjomba wako