Soli Zinazosagika

Wengi wanadhani kiatu huisha kwa kutembea. Si vyote. Kuna kiatu kinachoweza kukaa ndani ya boksi miaka na miaka bila kuguswa, halafu siku ya kwanza ukikivaa, soli inamomonyoka kama mandazi ya juzi.

Ukiuza mitumba unaijua hiyo aibu. Mathe anauza viatu Thika, upande wa Makongeni. Mwaka jana mteja alimrudishia jozi ndani ya mfuko wa karatasi, soli zimekuwa makombo. Alikuwa amevaa kwenda intavyu. Alimwita mathe mwizi mbele ya majirani wote wa kibanda. Pesa zake alirudishiwa, lakini lile neno lilibaki pale sokoni.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa. Nilikuwa nasoma kemia. Sasa nina keja Ruiru, naandikia watu makala, nalipwa kwa idadi ya maneno. Jioni hiyo mathe akanipigia: "Hebu hiyo nusu digrii yako inisaidie. Nani ananiuzia viatu vilivyooza?"

Jibu liko kwenye molekuli.

Soli nyingi nyepesi ni za poliurethani, jamii ya plastiki iliyovumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Mnyororo wake una vipande vya aina mbili vilivyoungwa kwa zamu, vigumu na laini. Vile vigumu vinavutana kwa vifungo vya haidrojeni na kujikusanya katika vikundi vya nanomita chache tu. Vile laini vinabaki katikati, vinajikunja na kunyooka. Ni kama maji na mafuta kukataana, ila hapa wamefungwa kamba moja, kwa hivyo hakuna anayefika mbali. Huko kutengana nusunusu ndiko kunakoipa soli kazi yake: vikundi vigumu vinashikilia umbo, vipande laini vinaipa mnepo.

Umbo la vipande ndilo linaloamua vitatengana kiasi gani. Vipande laini vya polietha havishikani sana na vile vigumu, kwa hivyo pande mbili zinaachana vizuri. Vya poliesta vina sehemu zinazowashika majirani wagumu, basi mipaka inachanganyika zaidi. Poliesta inavumilia sana msuguano, na ndiyo maana watengenezaji wa viatu wanaipenda. Lakini viungo vyake vinaogopa maji. Hata unyevu wa hewani unavikata polepole, na kila kinachokatika kinaacha asidi inayoharakisha kukatika kwa vingine. Nje soli inang'aa. Ndani, kamba zinakatika moja moja.

Sasa fikiria safari ya hicho kiatu: kabati la mtu Ulaya, ghala, kontena baharini mpaka Mombasa, Gikomba, halafu Thika. Kila aliyekishika alikiona kizima. Mathe hakuibiwa, na yeye hakumwibia mtu.

Nilipomweleza, alinyamaza kidogo. "Huyo kijana ningemwambia hivyo angenisikia?" Nikamwambia sidhani. Mtu aliyeaibika kwenye intavyu hataki kusikia habari za poliesta.

"Basi mimi nitajuaje?"

Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kwa macho huwezi kutofautisha poliesta na polietha. Nilichompa ni hiki: kunja soli, angalia nyufa ndogondogo pale inapokunjika. Bonyeza kwa ukucha. Ikiacha unga, au ikinatanata, hiyo imeenda. Soli ya mpira halisi haina ugonjwa huu. Na kiatu kipyaaa kisichokuwa na hata mkwaruzo kisikufurahishe haraka, pengine kimekaa mahali muda mrefu.

Siku hizi anakunja kila kiatu kabla ya kukipanga. Tatizo ni kwamba mtumba unanunuliwa ukiwa umefungwa, na pesa imeshatoka. Wiki hii ametenga jozi saba. Fundi wa jirani amesema atazichukua kwa bei ya kutupa, abadilishe soli. Mathe anasema hiyo bei haifiki hata kodi ya kibanda, na zikiwa kwenye rafu kuna mtu atazinunua leo hii hii.

Jana jioni zilikuwa bado chini ya meza.