Jumamosi za Archbold

Wewe mjukuu wangu ukisikia mpira unafikiria miguu. Mimi timu ya chuo iliyoniteka ujanani ilicheza mpira wa Kimarekani, zaidi kwa mikono na mabega, vichwani kofia ngumu, katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, nilikofikishwa na ndege za wanafunzi za Tom Mboya mwaka 1960. Uwanja wetu, Archbold, ulikuwa wa zege, umefunguliwa tangu 1907, na ubaridi wake ulikuingia mpaka kwenye uboho. Jumamosi ya Novemba ulinukia karanga za kukaanga, moshi wa sigara na makoti ya sufu yaliyoroa. Langu lilikuwa la mtumba, dola tatu, mikono yake imeishia juu ya viwiko vyangu, lakini nani aliyeniangalia mimi? Macho yote yalikuwa kwa Ernie Davis, jezi namba 44, namba ileile aliyowahi kuivaa nyota wa kabla yake, Jim Brown.

Nilikuta mji bado umelewa ushindi. Msimu wa 1959 vijana wa kocha Ben Schwartzwalder walishinda mechi zote, wakatawazwa mabingwa wa taifa, na siku ya mwaka mpya wakaichapa Texas 23 kwa 14 kule Dallas. Chuoni hadithi iliishia hapo. Kwa kinyozi wangu, katika Wadi ya 15 walikokaa weusi, ilikuwa na mkia: usiku ule kwenye karamu, Davis na wenzake weusi waliambiwa wapokee zawadi zao kisha watoke.

Kinyozi huyo alikuwa na redio. Novemba 1961 tulijazana pale, harufu ya mafuta ya nywele imetanda, tukisikiliza mechi ya Notre Dame. Tunaongoza 15 kwa 14, muda umekwisha, teke lao la mwisho limekwenda nje, watu wanakumbatiana. Mara refa anasema wetu kamvamia aliyeushika mpira upigwe, teke lirudiwe. Likapita katikati ya nguzo: 17 kwa 15. Mabishano kama teke lingeweza kurudiwa muda ukiwa umekwisha hayakuisha. Kinyozi alizima redio akamalizia kichwa changu bila neno, na upogo alioniachia nilitembea nao mpaka Krismasi.

Mwezi uliofuata Davis alitwaa Tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, mweusi wa kwanza kuipata, na Rais Kennedy akampa mkono. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba mmoja aliniambia chumba kimeshapangishwa, tangazo liko palepale dirishani. Nikachelewa darasani kwa Dakta Eduardo Mondlane, ambaye baadaye alihamia Dar es Salaam kuiongoza FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Davis alisajiliwa na timu ya Cleveland, lakini saratani ya damu ilimchukua Mei 1963 akiwa na miaka 23, hajacheza mechi hata moja ya kulipwa.

Nilikuwa nimesharudi Mombasa mwaka 1970, wachezaji tisa weusi wa Syracuse (magazeti yaliwahesabu wanane!) walipogomea mazoezi, wakaishia kuachishwa timu. Walitaka matibabu ya maana, msaada wa masomo, na kocha mweusi. Schwartzwalder alikuwa fundi wa mpira, simnyimi haki yake. Lakini Brown na Davis walikuwa wamekipa chuo kile jina, na benchi la makocha bado lilikuwa jeupe tupu. Chuo kiliwaomba radhi na kuwavisha medali mwaka 2006. Nilifurahi, ila miaka 36 ni mingi kwa mtu aliyeachishwa mpira akiwa na miaka ishirini.