Anayelinda shamba hana haja ya kupanda juu sana

Mtu aliyekimbilia Kanyaruchinya anajua bei ya vitu vingi. Anajua bei ya maharagi, ya bidoni ya maji, ya chumba kimoja cha mbao, na ya pikipiki mpaka Goma mjini. Bei ya kuanguka kutoka juu ya mti haijui, kwa sababu haiuzwi sokoni. Wanaoilipa ni mke na watoto, na huilipa kwa miaka mingi.

Baba mmoja wa Kibumba, mwenye watoto watano, alilazimika kuihesabu bei hiyo msimu huu. Alikimbia nyumba yake mwezi wa kumi na moja 2022, vita vya M23 na jeshi vilipofika Kibumba. Alilala na familia yake juu ya mawe meusi ya Kanyaruchinya, pamoja na maelfu ya watu waliotoka Rutshuru na Nyiragongo. Mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuingia Goma, kambi zilivunjwa na kila mtu akatafuta pa kwenda. Mke na watoto walibaki Kanyaruchinya katika chumba cha kupanga, ili watoto wamalize mwaka wa shule. Yeye akaanza kwenda Kibumba kila wiki kulima tena shamba aliloachiwa na baba yake.

Shamba hilo liko karibu na mpaka wa Mbuga ya Virunga. Kwa muda mrefu halikuwa na mwenyewe. Majani yaliota mpaka kifuani, na wanyama wakazoea kupita. Alipolima na kupanda maharagi, mahindi na mashu, walikuja kula kama waliokuwa wanamngojea. Nguruwe wa pori waligeuza udongo usiku. Mbogo walikanyaga mistari miwili mizima. Mchana walikuja nyani, na nyani hali hindi moja akaondoka. Anavunja kumi ili ale mbili.

Baba huyo alikuwa amekopa mbegu. Msimu ukipotea, hana kitu kingine cha kulipa. Kulinda akiwa chini hakuweza, maana mbogo aliyeshtuka usiku ni kifo. Ikabaki njia moja, ile ya wazee: kukaa juu, kwenye ulingo, ambao wengine huuita dungu. Ni kitanda cha miti kilichoinuliwa, mtu anakaa hapo, anaona mbali, anapiga kelele, anagonga kopo. Swali likawa ulingo gani, juu ya kitu gani, na kwa pesa gani.

Kijana mmoja wa jirani alimwonyesha picha kwenye simu. Wawindaji wa Marekani wana ulingo wa chuma wenye vipande viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kuwekea miguu. Kila kipande kinazunguka shina la mti na kuling'ata. Mtu anakaa, anavuta cha chini kwa miguu, anasimama, anainua cha juu, na hivyo hivyo mpaka afike anapotaka.

“Papa, fundi wa kuchomelea pale Goma anaweza kukutengenezea,” kijana alisema. “Tuna mikaratusi iliyonyooka, haina matawi chini.”

Baba alikubali kwanza, halafu akaenda kuupapasa mkaratusi. Shina ni laini, na ganda lake hubanduka vipande vipande. Kitu kinachoshika kwa meno kinahitaji ganda gumu lisilotoka. Juu ya mkaratusi, hasa baada ya mvua, meno yatashika ganda, na ganda litaliacha shina. Tena chuma cha fundi hakijapimwa na mtu yeyote. Kikikatika kwenye maungio, kitakatika mtu akiwa juu. Akamwambia kijana, “Mwanangu, hiki ni cha miti ya kwao.”

Rafiki yake mmoja alikuja na shauri jingine. Kuna mti mkubwa ukingoni mwa mbuga, matawi yake ni mapana. Wafunge ulingo juu kabisa, wanyama wasisikie harufu yao. Chini wategeshe kamba za waya. Hivyo watalinda shamba na kupata nyama pia.

Hapo ndipo mambo mawili yanayofanana kwa macho yalipotengana. Virunga ilianzishwa 1925, na kuwinda ndani yake kumekatazwa na sheria. Tego la waya halichagui mnyama. Linashika nguruwe leo, kesho linashika mtoto wa sokwe wa mlimani. Na katika nchi yenye vita kuna jambo la kuogopesha zaidi. Mtu aliyejificha juu ya mti alfajiri, karibu na pori ambamo watu wenye silaha hupita, nani atajua kwamba analinda maharagi? Anayemwona kutoka mbali atamdhania mpelelezi wa upande mwingine. Risasi haiulizi kwanza.

Baba alikataa. Lakini katika kukataa kwake aliona jambo lililomsaidia kuchagua. Mwindaji anapanda juu sana kwa sababu anataka mnyama asimwone wala asimnuse, aje karibu. Mlinzi wa shamba anataka kinyume chake. Anataka mnyama amwone, amsikie, amnuse, asije kabisa. Sasa urefu wote ule ni wa nini? Mita saba au nane za mwindaji ni za kujificha, na mlinzi hajifichi. Yeye anahitaji mambo mawili tu: aone juu ya mahindi, na awe juu kuliko pembe za mbogo. Mbogo mkubwa begani hufikia karibu mita 1 na nusu. Kitanda kilichoinuka kama mita mbili na nusu, juu ya msingi usiosukumika, kinatosha. Anayeanguka kutoka hapo anaweza kuumia, ni kweli, lakini si sawa na anayeanguka kutoka mita nane juu ya mawe ya volkeno.

Ikabaki kujua kitanda hicho kisimame juu ya nini. Njia ya kawaida ni miti minne iliyochimbiwa ardhini. Mke wake ndiye aliyemkumbusha, siku aliporudi Kanyaruchinya kuchukua chakula. “Utachimba wapi? Unajua vita vilipita wapi?” Kibumba ilikuwa mstari wa vita. Bomu ambalo halikulipuka linaweza kuwa chini ya udongo, na jembe au mtaimbo ndio hulikuta. Shimo la nguzo huenda chini kuliko jembe la kupalilia. Anayerudi shambani asichimbe mahali asipopajua. Akiona chuma asichokifahamu asikiguse wala asikirushie jiwe. Aweke alama mbali kidogo, arudi kwa njia ile ile aliyojia, na awaambie viongozi wa kijiji.

Basi baba akatazama kile ambacho nchi hii inacho bila kununua, yaani mawe. Watu wa chini ya Nyiragongo na Mikeno wanajua kupanga mawe ya volkeno bila simenti. Nyua za nyumba zimejengwa hivyo. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Rwanda na kule Mgahinga, Uganda, kuna ukuta mrefu wa mawe hayo hayo uliojengwa kando ya mbuga ili kuzuia mbogo wasiingie mashambani. Jiwe linalomzuia mbogo linaweza pia kumbeba mlinzi.

Alichukua mawe ya uzio wa zamani wa nyumba yake, mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kupita mara nyingi tangu kurudi. Akajenga kama chumba kidogo kilichojaa, kipana chini na kuingia ndani kidogo kidogo kwenda juu. Mawe makubwa aliyaweka chini na kwenye pembe, madogo akajaza katikati, na kila jiwe lilikaa juu ya mawili. Upande wa nyuma aliacha ngazi ya mawe. Kila alipomaliza mstari alisimama juu yake na kuruka, na jiwe lililocheza alilitoa. Juu kabisa alilaza fito za mkaratusi, akazifunga kwa kamba mpya, akazungusha fito nyingine kiunoni kama mkono wa kiti, na nyasi kichwani za kuzuia jua. Misumari hakutumia. Pesa iliyotoka mfukoni mwake ilikuwa ya kamba tu.

Kazi ilichukua siku nyingi kuliko kufunga mbao juu ya mti. Majirani walicheka kidogo, wakasema anajenga kanisa. Baadaye wawili kati yao waliomba kuonyeshwa jinsi ya kupanga pembe.

Si kila mtu ana mawe karibu, na si kila mtu anayepanda mti anakwenda kulinda shamba. Kanyaruchinya kuna vijana wanaoishi kwa kupanda: wanachuma avoka za watu, wanakata matawi ya mikaratusi, wanaangusha miti ya kutengeneza chukudu. Wao hawana njia ya kukaa chini. Kwao yako mambo ambayo wawindaji wa nchi nyingine hufundishwa kabla ya kukanyaga tawi, na mengi hayahitaji pesa.

La kwanza, mtu afungwe tangu mguu unapoacha ardhi mpaka unaporudi. Hatari kubwa iko wakati wa kupanda, wa kushuka, na wa kutoka kwenye shina kuingia mahali pa kukaa, na ndipo wengi huwa hawajajifunga. La pili, kamba ya kiuno peke yake si kinga. Mtu akining'inia kwayo humbana kifua na kumkata pumzi. Mkanda mzuri unapita mabegani na mapajani, ubebe mwili wote. Mafundi wa minara ya simu wanauvaa, na vijana wanaofanya kazi pamoja wanaweza kuchanga wanunue mmoja. La tatu, kamba ifungwe kwenye shina juu ya kichwa, fupi, kwa fundo linalojikaza likivutwa. Kamba ndefu inamwacha mtu aanguke mbali kabla ya kumshika. La nne, asipande peke yake. Anayening'inia bila kusonga, hata kama hakuumia, damu hukaa miguuni na anaweza kufa. Achezeshe miguu, na wa chini awe na njia ya kumshusha haraka.

Kamba yenyewe ichunguzwe. Ya plastiki iliyokaa juani miezi mingi hugeuka rangi na kuvunjika nyuzi. Hiyo ni ya kuanikia nguo. Panga lisipande mkononi. Lifungwe kwenye kamba nyembamba na kuvutwa mtu akishakaa. Kila wakati viungo vitatu viwe vimeshika, miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja.

Radi nayo inahesabiwa. Watafiti waliopima radi kwa setilaiti waliiweka Sake, hapa karibu na Goma, miongoni mwa mahali kumi penye radi nyingi zaidi duniani. Ngurumo ya kwanza ikisikika, aliye juu ya mti au juu ya ulingo ashuke na kwenda nyumbani, hata kama nyani wanamtazama. Mahindi yatakayoliwa katika saa hiyo ni sadaka.

Na kwa wale walio mbali zaidi kaskazini, ambako tembo hutoka mbugani, ulingo wowote una mwisho wake. Tembo husukuma mti ukaanguka. Huko ulingo ni wa kuona mapema na kuwaita wengine, na aliye juu awe na njia ya kuondoka kabla tembo hajafika chini yake.

Baba wa Kibumba aliweka sheria zake mbili. Mtoto hapandi ulingoni peke yake, hata mchana, hata kama shule imefungwa. Na usiku mmoja haulindwi na mtu mmoja: mashamba manne yanapakana, basi watu wanne wanapokezana, wawili wawili, na anayesinzia anashuka alale chini ndani ya nyumba. Kama kuna habari ya risasi upande wowote, hakuna anayekwenda, na asubuhi hakuna anayemlaumu mwenzake kwa kilicholiwa.

Mbogo hawajaacha kuja. Usiku mmoja waliingia shamba la pili wakala mashu kabla ya kopo kugongwa. Lakini maharagi yamefunga, na deni la mbegu linaonekana litalipwa, si lote labda. Mke wake anataka kuja na watoto mwaka wa shule ukiisha. Kabla ya hapo, amesema, ataufikia ulingo huo mwenyewe na kuruka juu ya kila jiwe.