Tusiulizane Presha Tu

Sisi wa miaka 60 tukikutana sokoni Tengeru twaulizana presha na magoti. Ya moyoni twayafunika. Intaneti ilipozimwa nchini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto mbali, alikaa siku kadhaa bila kuona sura zao kwenye simu. Intaneti ikarudi, usingizi haukurudi. Hatimaye akasema wazi: “Dada zangu, silali. Hata mlio wa pikipiki wanishtua.”

Hatukumwambia aongeze imani. Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19). Tulimpikia, tukalala kwake kwa zamu, tukamsindikiza kwa daktari.

Mama, mwenzako akijibu “sijambo”, muulize tena.